Usimwandike Msiri Bila Wasanga

Kuna vijana wetu huku Katanga walioanza kuandika hadithi za namna ya pekee. Huchukua jambo moja lililotokea kweli, hulipindua, halafu huandika kitabu kizima juu ya mambo ambayo yangalifuata. Kama Msiri asingaliuawa Bunkeya katika mwaka 1891, ingalikuwaje? Kama Wazungu wasingalikutana Berlin katika mwaka 1884 kuigawanya Afrika, ingalikuwaje? Kama Patrice Lumumba asingaliuawa tarehe 17 Januari 1961, nchi yetu ingalikuwa wapi leo? Wengine huenda mbele badala ya kurudi nyuma: hubuni Kongo ya miaka 200 ijayo, yenye mashini ambazo hazipo bado. Kazi ni ile ile, kwa maana zote mbili huanza na neno "kama".

Juu ya kazi hiyo nimesikia makosa mawili. Kosa la kwanza ni la wazee wetu, nalo ni dogo. La pili ni la vijana wenyewe, nalo ni kubwa. Nitajibu la kwanza upesi, nipate nafasi ya kupigana na la pili.

Wazee husema: kuandika jambo lisilotokea ni uongo, na amri ya nane yakataza uongo, basi katekista asiguse vitabu hivyo. La, baba zangu. Mwongo ni yule atakaye kusadikiwa. Mwandishi wa hadithi hukuambia tangu mlangoni kwamba anabuni, nawe unakubali kumfuata. Tena Bwana wetu mwenyewe alilitumia neno hilo la "kama". Someni Injili ya Mateo, sura ya 11. Aliwaambia watu wa Korazini na Betsaida kwamba miujiza ile waliyoiona wao, kama ingalitendeka Tiro na Sidoni, miji hiyo ya kipagani ingalitubu zamani. Hiyo ni nini, isipokuwa historia iliyopinduliwa? Na mapadri pia wamefanya kazi hiyo. Padri Robert Hugh Benson, Mwingereza, mtoto wa askofu mkuu wa Waanglikana wa Canterbury, aliingia Kanisa Katolika katika mwaka 1903, na katika mwaka 1907 alitoa kitabu "Lord of the World", juu ya wakati ujao ambapo dunia imemwacha Mungu. Hayati Papa Fransisko alikishauri kitabu hicho kwa waandishi wa magazeti, ndani ya ndege, akirudi kutoka Filipino katika mwaka 2015. Shauri la wazee nadhani limekwisha.

Lakini kabla ya kuiacha Korazini, angalieni vizuri jinsi Bwana alivyolitumia neno lile. Aligeuza jambo moja tu: miujiza imetendeka mahali pengine. Hakuwageuza watu wakawa malaika. Tena, neno lake halikuwafariji wale waliosikia. Hakuwaambia: enyi watu wa Korazini, Warumi wasingalikuja, ninyi mngalikuwa watakatifu. Aliwaambia kinyume chake. "Ingalikuwa" katika kinywa chake ilikuwa hukumu juu ya masikio yaliyokuwa mbele yake.

Sasa tusikie wanavyosema vijana: "Hadithi yangu ni ya kubuni, basi hakuna mtu awezaye kuisahihisha." Neno hili nimelisikia mara nyingi, nami naliita uvivu uliovaa nguo ya uhuru. Anayesema hivyo huandika kitabu chake mara moja, toka mwanzo hata mwisho, hukisoma mbele ya rafiki zake, hupigiwa makofi, basi. Ukimwambia "jambo hili haliwezekani", atakujibu kwamba katika dunia yake laweza. Ukimwambia "mtu huyu si mtu", atakujibu kwamba ni wake, amemwumba yeye. Hata Mungu aliyetuumba hakutufanya vile.

Lugha yetu yenyewe inamshitaki. Kiswahili chatupa "-ngali-" kwa ajili ya mambo yasiyotokea, na kila asikiaye "angaliishi" anajua kwamba yule mtu hakuishi. Lakini nani aweza kuandika kurasa 200 za "-ngali-"? Msomaji angalichoka. Kwa hiyo, baada ya ukurasa wa kwanza, mwandishi hulitupa "-ngali-" na kushika "-li-" na "-ka-": Msiri aliamka, akaita watu wake, akawaambia. Tangu hapo anasema kama shahidi aliyekuwapo. Na shahidi huulizwa maswali: ulikuwa wapi? Nani mwingine alikuwako? Mbona hukumtaja? Kusahihisha kitabu cha namna hiyo ni kukaa kitini pa hakimu na kumwuliza shahidi maswali, na shahidi ni wewe mwenyewe.

Najua ninalosema, kwa kuwa nilikuwa mmoja wao. Niliandika kaye tatu juu ya Bunkeya.

Habari ya kweli mnaijua, nami nitaikumbusha kwa kifupi. Mwenda Msiri alitoka upande wa Tabora, mtu wa Wasumbwa, akaja huku kwa ajili ya shaba, akakaa, akapata nguvu kwa bunduki na kwa akili yake, hata akawa mfalme wa nchi kubwa, na mji wake ukawa Bunkeya. Misafara yake ilikwenda mashariki hata pwani ya Zanzibari, na magharibi hata Bihe na Benguela. Katika mwezi wa Novemba 1890 Alfred Sharpe alifika kutafuta mapatano kwa faida ya kampuni ya Cecil Rhodes, Msiri akakataa. Mwezi wa Desemba 1891 ulifika msafara wa Kapiteni William Stairs, mtu wa Kanada aliyetumwa kwa ajili ya mfalme Leopold II. Msiri alikataa tena kuwa chini ya bendera ile. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapiteni Omer Bodson, Mbelgiji, alimpiga risasi akafa, naye Bodson akapigwa risasi hapo hapo na mtu wa Msiri, akafa pia. Watu wakakimbia mji, njaa ikaingia. Stairs mwenyewe alikufa katika safari ya kurudi, mwaka 1892.

Katika kaye zangu, bunduki ya Bodson haikulia. Neno moja tu niligeuza, nami nilijivuna kwamba ni moja tu. Stairs akarudi alikotoka. Wafua shaba wakaendelea kuyeyusha mawe yao na kumimina misalaba ile ya shaba ambayo babu zetu waliitumia kama fedha. Reli ikajengwa, lakini ni yetu. Chuo Kikuu, kilichofunguliwa Lubumbashi katika mwaka 1956, nilikihamisha nikakipeleka Bunkeya, tena nikakifungua miaka 30 mbele. Katika ukurasa wa mwisho, mjukuu wa Msiri aliwapokea mabalozi wa Ulaya wakiwa wamevua kofia. Naungama kwamba machozi yalinitoka nilipouandika ukurasa ule.

Nilizisoma kaye hizo kwa watu wachache, Jumapili baada ya Misa, chini ya mti wa parokia. Vijana walipiga makofi. Palikuwapo na mzee mmoja wa ukoo wa Wasanga, asiyesema sana. Alingoja makofi yatulie, kisha akaniambia: "Mwalimu, umesoma vizuri. Lakini sisi tuko wapi?"

Nikamjibu: "Baba, mmo ndani ya ufalme. Mmekaa kwa amani."

"Amani ya nani?" akauliza. Akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda zake. Hakuwa na hasira. Ingalikuwa heri angalikasirika.

Ndugu zangu, mzee yule hakuwa amenieleza jambo nisilolijua. Nilijua, kwa maana nilikuwa nimelisoma, kwamba kabla Stairs hajafika Bunkeya, Wasanga walikuwa wamekwisha kumwasi Msiri, na ya kuwa vita yao ndiyo iliyouvunja nguvu mji ule na kuutia katika njaa. Nilijua pia kwamba misafara iliyokwenda Bihe haikuchukua shaba na pembe tu. Ilichukua watu, wakiwa wamefungwa, na kwa watu hao zilinunuliwa bunduki na baruti. Frederick Stanley Arnot, mmisionari wa Kiprotestanti aliyefika Bunkeya katika mwaka 1886, aliyaona hayo, akayaandika. Mimi nami niliyajua, na katika kaye tatu sikuandika mtumwa hata mmoja. Sikuwafuta kwa kalamu. Niliwafuta kwa kutowaandika, nayo ndiyo njia iliyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa haiachi alama.

Hapo ndipo nilipotambua makosa yangu. Nilidhani nimegeuza neno moja, bunduki ya Bodson. Kumbe niligeuza mawili. La pili lilikuwa moyo wa binadamu. Nilimwondoa Mzungu, na pamoja naye nikaiondoa dhambi ya asili, kana kwamba iliingia Afrika kwa meli. Katekista niliyefundisha watoto kila juma habari za Adamu!

Basi nilianza kusahihisha. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa masomo ya sekondari, mtu mwenye akili kunipita, alikasirika sana aliposikia. Aliniambia: "Ukiwaandika watumwa wa Bunkeya, unawapa Wazungu sababu. Leopold naye alisema anakuja kukomesha biashara ya watumwa. Watasoma kitabu chako na kusema: mwaona, hata wenyewe wanakiri." Neno hilo ni zito, nami sitalipita kama watu wanavyopita mbwa aliyelala njiani. Ni kweli Leopold alisema hivyo, na mataifa yalikusanyika Brussels katika mwaka 1889 na 1890 kusema hivyo hivyo kwa sauti moja. Halafu ikaja kazi ya mpira, na mikono ya watu iliyokatwa, hata aibu ikawa kubwa na Ubelgiji ukamwondolea nchi katika mwaka 1908. Lakini uongo wa Leopold haukuwa kusema kwamba watumwa walikuwako. Walikuwako. Uongo wake ulikuwa kusema kwamba yeye ndiye dawa yao. Mimi nikisema hawakuwako, simshindi Leopold. Nawafunga wale watu mara ya pili, na safari hii ninayeshika kamba ni mimi. Na risasi ya Bodson haitakaswi na dhambi za aliyepigwa. Mtu aweza kuuawa bila haki bila kuwa mtakatifu. Kwa nini tunataka mashujaa wetu wawe watakatifu kabla ya kuwalilia?

Na sisi watu wa Kanisa tusicheke pembeni. Akitokea mmoja wetu akabuni Kongo ambayo misioni haikukosea kamwe, mkasi ule ule umfikie. Simon Kimbangu alifungwa katika mwaka 1921, akafa gerezani katika mji wetu huu huu, mwaka 1951, baada ya miaka 30 ya kifungo. Na wako wamisionari wetu waliotaka ashikwe kwa nguvu. Atakayeandika habari za Katanga njema ya Kikatolika, amtafutie Kimbangu nafasi katika kitabu chake, halafu aone kama wema ule wasimama. Hata Padri Benson, alipoandika katika mwaka 1911 kitabu cha pili, "The Dawn of All", kuonyesha dunia iliyokubali Kanisa lote zima, hakuweza kuandika ushindi usio na damu: mmonaki mmoja anauawa humo kwa ajili ya mafundisho yake. Wengi wanakichukia kitabu hicho kwa sababu hiyo. Mimi nakiheshimu kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Padri hakukwepa.

Narudi kwenye kaye zangu. Kuweka Wasanga na watumwa mahali pao hakukutosha, kwa maana kila nilichokirudisha kilivuta kingine. Kama Msiri anaishi, vita na Wasanga yaendelea. Kama vita yaendelea, yataka baruti. Baruti hununuliwa kwa nini? Mnajua jibu. Tena nilikuwa nimemfukuza Stairs nikasahau waliomtangulia. Waingereza walikuwa wanaitaka Katanga kwa tamaa ile ile, na kampuni ya Rhodes haikuwa mbali. Msiri aliyeokoka Desemba 1891, na mji wake una njaa, nyuma yake Wasanga na mbele yake Rhodes, ataweza kukaa miaka mingapi? Nilihesabu kwa uaminifu, nikaona Bunkeya yangu inapandisha bendera ya Uingereza kabla ya mwaka 1900. Sisi wote tungalikuwa watu wa Rhodesia ya Kaskazini, na mimi ningalisoma Kiingereza seminarini badala ya Kifaransa. Chuo Kikuu changu kikaondoka. Mabalozi waliovua kofia wakaondoka. Usiku ule sikulala vizuri, nacheka sasa, lakini nilikuwa kama mtu aliyefiwa.

Vijana wa siku hizi huandika katika simu, na neno lililofutwa katika simu halionekani tena. Mimi nashikamana na kaye, kwa sababu mstari uliokatwa hubaki pale ukinitazama.

Kisha ikaja Shinkolobwe, nayo ndiyo iliyonishinda. Mnapajua mahali pale, karibu na Likasi. Jiwe la urani lilionekana huko katika mwaka 1915, na sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Wamarekani ilitoka humo, pamoja na lile lililouchoma mji wa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Anayeandika Katanga iliyo huru hawezi kupita pembeni ya shimo lile. Mjukuu wa Msiri, mfalme wa nchi yake, Mkristu tena, atajiwa na Mmarekani mwenye sanduku la fedha. Atauza? Katika maandiko ya kwanza nilimfanya akatae, akasema maneno mazuri juu ya amani. Nilipoyasoma tena niliona haya. Yule mfalme alikataa kwa sababu mimi, mwandishi, nilikuwa nimekwisha kusikia habari za Hiroshima. Yeye alikuwa bado hajazisikia.

Juu ya jambo hilo nilipata msaada kwa mtu mmoja tu, naye ni Mmarekani, Walter Miller. Katika vita ya pili ya dunia alikuwa mtu wa redio na mpiga bunduki katika ndege za mabomu, naye alikuwamo katika mashambulio yaliyoibomoa abasia ya Monte Cassino katika Februari 1944, nyumba ile iliyoanzishwa na Mtakatifu Benedikto mwenyewe, baba wa Wabenedikto waliofika Katanga katika mwaka 1910. Katika mwaka 1947 Miller akawa Mkatoliki. Halafu akaandika hadithi: dunia imeungua kwa mabomu ya urani, vitabu vimechomwa, na wamonaki jangwani wanatunza karatasi zilizobaki bila kuzielewa. Mojawapo ni karatasi ya kukumbushia vyakula vya kununua dukani, nao wanaitunza kama masalia ya mtakatifu. Ndugu mmoja anatumia miaka 15 kunakili na kupamba kwa dhahabu mchoro wa mashini asioujua maana yake, na wanyang'anyi wanamnyang'anya njiani.

Hadithi tatu za namna hiyo alizitoa katika gazeti katika mwaka 1955, 1956 na 1957, nazo zilipendwa. Kijana wetu angalizishona pamoja na kuzipeleka kwa mpiga chapa. Miller alizirudia, akaziandika upya, akaongeza sana, ndipo kikapatikana kitabu "A Canticle for Leibowitz", chenye tarehe ya 1960, kilichopata tuzo ya Hugo katika mwaka 1961. Na katika kitabu hicho angalieni anavyomtendea adui wa mawazo yake. Karibu na mwisho, mabomu yanaanguka tena, na daktari anataka kuwapa wagonjwa walioungua kifo cha upesi. Abati anakataa, kama Kanisa linavyokataa. Miller anakubaliana na abati. Lakini daktari anasema maneno ya mtu mwema, anayehurumia watu, na abati, mtu wa Mungu, anashindwa kumgeuza mwanamke mmoja mwenye mtoto mgonjwa, na kwa hasira anampiga daktari ngumi. Mwandishi mvivu angalimpa abati ushindi. Miller alikuwa ameiona Monte Cassino kutoka juu. Hakuweza kujidanganya kwamba watu wabaya tu ndio wanaobomoa.

Basi, ninyi mnaosema kwamba jambo la kubuni haliwezi kusahihishwa, nawauliza: mzee wa Wasanga alisahihisha nini, kwa maneno manne? Hakuwa na kitabu mkononi. Hakuniambia tarehe fulani si sawa. Aliutafuta uso wake katika dunia niliyoiumba, hakuuona. Mnapoandika Kongo ya Lumumba aliyeokoka, Waluba wa Kasai waliouawa huko Bakwanga katika mwaka 1960, akiwa bado waziri mkuu, watakuwa wapi? Mnapoandika Katanga ya Tshombe iliyoshinda, watu wa kaskazini waliochomewa vijiji vyao watakuwa wapi? Msinijibu mimi. Wapo wajukuu wao katika parokia zenu, na wanajua kusikiliza.

Nilikwenda kwa yule mzee na kaye ya nne. Tulikaa nje ya nyumba yake tangu saa tisa hata giza likaingia, nami nikasoma. Alinikatiza mara nyingi. Juu ya sura moja, ile ya mashamba yanayochomwa moto, alisema nimewapendelea mno Wasanga. Nao walikuwa na watumwa. Nikakata mstari. Amenialika tena Jumamosi hii, baada ya rozari, na vijana wanaotaka kuleta za kwao wanakaribishwa, mradi waje na kalamu. Sura ya Shinkolobwe sitawasomea. Nimeiandika mara nne sasa. Katika ya nne mfalme anauza jiwe, apata shule kumi na hospitali kwa fedha ile, na Askofu anakuja kuzibariki.